Unakwenda mashindano ya kimataifa ya judo kwa mara ya kwanza? Soma hii kabla hujafunga begi

Judo ya kimataifa ina jambo moja ambalo vijana wetu hulielewa wakishafika ukumbini: ukishindwa kabla ya robo fainali, umemaliza. Hakuna makundi kama ya mpira, hakuna mechi ya pili ya kujirekebisha. Wanaoshindwa kwenye robo fainali peke yao ndio wanaorudishwa kwenye repechaji kugombea medali mbili za shaba. Wengine wote wanakunja judogi, nguo zao za judo, wanakwenda kukaa jukwaani.

Wala halichagui mtu. Abe Uta wa Japani alikwenda Paris 2024 akiwa bingwa wa Olimpiki wa -52, yaani daraja la wasiozidi kilo 52, mtu ambaye hakuna aliyemdhania kushindwa. Raundi ya pili akakutana na Diyora Keldiyorova wa Uzbekistani, akaangushwa ippon, alama kamili inayomaliza pambano, na mashindano yake yakaishia hapo hapo, kilio chake ukumbi mzima unakisikia. Keldiyorova akaendelea hadi dhahabu. Mwenzetu Andrew Thomas Mlugu, aliyebeba bendera ya Tanzania kwenye michezo hiyo hiyo, naye alitoka mapema kwenye -73.

Kwa hiyo sitakufundisha mbinu ya uchi-mata hapa. Kocha wako anaijua kuliko mie. Nilikuwa nacheza -57 hapa Unguja, magoti yakakataa, sasa kazi yangu ni umeneja wa timu: paspoti, mizani, sindano na uzi. Ninachotaka ni kwamba ukisikia hajime, yaani “anzeni”, usiwe na jambo jingine lolote kichwani. Dakika zako ni nne, na pengine hata hizo nne huzipati.

Kuingia kwenye orodha

Mchezaji hajisajili mwenyewe. Usajili unafanywa na chama cha taifa kupitia mfumo wa Shirikisho la Judo la Dunia, IJF, unaoitwa Judobase. Kwenye mashindano ya IJF, sote wa Unguja, Pemba na Bara tunaingia kwa herufi tatu TAN. Mkenya ni KEN, Mganda UGA, Mrundi BDI, Mnyarwanda RWA, Mkongo wa Kinshasa COD. Basi ukiona watu wanakwambia “tutakusajili tukifika kule”, jua huna safari.

Kila mashindano yana waraka wake, unatoka miezi kabla. Ndani yake mna kila kitu: tarehe za mwisho, hoteli, ada, saa za mizani, saa ya droo. Hoteli ni za waandaaji, usidhani utakwenda kulala kwa shemeji yako aliyeko mji ule ili uokoe pesa. Mwombe katibu wa chama akupe waraka wote, asikusimulie kwa mdomo. Usome na uzipigie mstari saa. Na hapo kuwa makini: ukiandikiwa 10:00 ni saa nne asubuhi, si saa kumi. Unacheka, lakini mtu akishachoka na ndege huandika kwenye karatasi yake “saa kumi” na akalala.

Jina liandikwe kama lilivyo kwenye paspoti, herufi kwa herufi. Sisi tuna majina matatu, la mtu, la baba na la babu, na wazungu wanachukua la mwisho kuwa ndilo la ukoo. Maana yake mgongoni utaandikwa jina la babu yako, na kwenye kipaza sauti ataitwa babu yako, tena kwa matamshi ya ajabu. Wazoeze vijana mapema. Nimeona mtoto amekaa ametulia anakula ndizi huku anaitwa yeye.

Uanzie wapi? Ngazi ni hivi. Chini kuna mashindano ya wazi ya bara, kwetu African Open, ambayo yamewahi kufanyika miji kama Dakar, Tunis na Yaoundé. Juu yake Grand Prix, kisha Grand Slam kama ile ya Paris kule Bercy, halafu ubingwa wa dunia. Mshindi wa African Open anapata pointi 100 za orodha ya ubora wa dunia, wa Grand Prix 700, wa Grand Slam 1000, bingwa wa dunia 2000. Ubingwa wa Afrika wenyewe unatoa 700, sawa na Grand Prix, na nauli yake ni rahisi zaidi. Chama kikiwa na pesa ya safari moja tu kwa mwaka, mie ningeitia huko, sio Paris kwenda kupiga picha na Teddy Riner, yule bingwa wa Ufaransa. Najua watakaonikasirikia.

Judogi mbili, na fundi cherehani

Unahitaji judogi nyeupe na judogi ya buluu, zote mbili zenye lebo ya kuidhinishwa na IJF. Anayetajwa kwanza kwenye ratiba anavaa nyeupe, wa pili buluu, na huchagui. Judogi ya mazoezi uliyoletewa na mjomba kutoka Dubai, hata iwe nzuri vipi, bila lebo haipiti.

Kabla ya kila pambano unapita kwenye meza ya ukaguzi. Unanyoosha mikono mbele, usawa wa mabega, na mkono wa koti unatakiwa ufike kwenye kifundo cha kiganja. Wana kifaa cha kupimia, kinaitwa sokuteiki, wanakiingiza kwenye mkono wa koti kuona kama pana nafasi ya mpinzani kukamata. Suruali isipande zaidi ya sentimita 5 juu ya kifundo cha mguu. Koti lifunike makalio. Pande mbili za koti zilaliane sentimita 20 kifuani. Mkanda uwe na upana wa sentimita 4 hadi 5, na ukishafungwa ncha zake zibaki sentimita 20 hadi 30 kutoka kwenye fundo.

Ukikwama hapo, unapewa judogi ya akiba ya waandaaji, ambayo imevaliwa na kila mtu na haimkai yeyote, na kocha wako anazuiwa kukaa kwenye kiti siku ile nzima. Yaani adhabu ya koti fupi ni kupigana peke yako. Ndiyo maana nasema pima nyumbani, na upime baada ya kufua, sio siku unapoitoa kwenye plastiki. Pamba inarudi. Judogi mpya ifue maji baridi mara kadhaa, ianike kivulini, halafu ndiyo uchukue utepe wa fundi upime. Nunua kubwa kidogo, kwani kupunguza fundi anaweza na kuongeza hawezi.

Kisha kuna kitambaa cha mgongoni chenye jina na herufi za nchi. Kinaagizwa mtandaoni kwa watengenezaji waliokubaliwa na IJF, kinachukua wiki kufika kwetu, na unahitaji kimoja kwa kila koti. Bingwa wa dunia chake ni chekundu na bingwa wa Olimpiki ana cha dhahabu. Chako kitakuwa cha kawaida, usihofu. Mie nampelekea fundi wangu Darajani na ninakaa pale pale mpaka amalize, maana akiachiwa peke yake atashona kingo za nje tu, mshono mmoja, kama anatia kiraka kwenye shuka. Koti la judo linavutwa na mtu wa kilo 73 kwa nguvu zake zote. Nataka mshono uzunguke pande zote nne mara mbili, uzi wa nailoni, na upite tena katikati kona kwa kona. Halafu nakivuta mimi mwenyewe kwa vidole: kidole kikipita chini ya kitambaa, tunafumua tunaanza tena. Yeye hunung'unika, nami namlipa zaidi kidogo.

Judogi zote mbili zinasafiri kwenye begi la mkononi. Sanduku likibaki Addis Ababa, mswaki utanunua, judogi yenye jina lako hutaipata dukani.

Paspoti yako ni yako

Hili ni fupi lakini nataka ulisome mara mbili. Mwaka 2013, ubingwa wa dunia ulipofanyika Rio de Janeiro, Popole Misenga na Yolande Mabika, wote watoto wa Bukavu, walikuwa kwenye timu ya Kongo. Walivyosimulia wenyewe baadaye, waliachwa hotelini bila paspoti, bila pesa na bila kuponi za chakula, kwa kuwa viongozi wa msafara ndio waliokuwa wamezishika. Wakaomba hifadhi Brazil. Miaka mitatu baadaye, mji ule ule, wakaingia Olimpiki kwenye timu ya kwanza ya wakimbizi, na Misenga akashinda pambano lake la kwanza dhidi ya Avtar Singh wa India. Watu wanaisimulia kama hadithi ya ushujaa, na ni ya ushujaa kweli. Mie nikiisikia nafikiria zile kuponi.

Basi: kila mchezaji mtu mzima ashike paspoti yake. Meneja abaki na nakala, na picha ya ukurasa wa mbele kwenye simu. Posho ya chakula igawiwe siku ya kwanza, kila mtu asaini. Cheti cha homa ya manjano kiwe ndani ya paspoti. Kameruni, kwa mfano, wanakitaka mlangoni. Viza iombwe kwa barua ya mwaliko ya waandaaji, na barua hiyo haitoki mpaka usajili ukamilike, kwa hiyo rudi juu usome tena pale nilipozungumzia tarehe za mwisho.

Mizani

Uzito ndio unaoharibu safari nyingi kuliko mpinzani yeyote. Wanawake wana madaraja ya 48, 52, 57, 63, 70, 78 na zaidi ya 78. Wanaume 60, 66, 73, 81, 90, 100 na zaidi ya 100. Mizani ni jioni ya kuamkia siku ya kucheza, mara nyingi kuanzia saa kumi na mbili hadi saa mbili usiku. Kabla yake kuna mizani isiyo rasmi, unapanda utakavyo hata mara kumi. Lakini ile rasmi unapanda mara moja tu. Ikisema umezidi basi umevuka bahari kwenda kutazama wenzako wakicheza. Nenda na paspoti au kitambulisho chako, la sivyo hata hawakuangalii.

Ushauri wangu kwa safari ya kwanza: cheza uzito unaotembea nao. Mtu wa kilo 61 anayetaka kuingia -57 kwa sababu kaambiwa “kule chini wasichana ni wepesi” anadanganywa. Wasichana wa -57 wengi wao ni wa kilo 60 waliojua namna ya kushuka, na wanakusubiri.

Ukiwa na kilo moja au mbili za kutoa, zitoe nyumbani, wiki tatu kabla, taratibu. Punguza mkate wa ajemi, chipsi, soda, na urojo wa Forodhani wa jioni ambao kila mtu anakula halafu anasema hajala kitu. Bakisha samaki, mayai, maharage, mboga. Siku mbili za mwisho punguza chumvi na vyakula vinavyokaa tumboni. Usijifunge mifuko ya plastiki ukakimbia juani, na usikae bafuni kwenye mvuke peke yako. Kuna watu wamekufa kwa hilo katika michezo ya uzito, si hadithi ya kutishana. Watoto na vijana wadogo hawashushwi uzito kabisa. Anayemshindisha mtoto wa miaka kumi na tano na njaa kwa ajili ya medali, sina la kuzungumza naye.

Beba mizani ndogo ya bafuni. Usiiamini, ijaribu: chukua dumu tupu ulipime, kisha jaza maji lita 5 upime tena. Iongezeke kilo 5. Ikiongeza 4.6 au 5.3, ujue kosa lake ni hilo na ulihesabie. Ukifika tu, itafute mizani ya waandaaji, kwa kawaida ipo hotelini, ulinganishe na yako. Na usishtuke ukiona umepanda baada ya ndege, mwili unashika maji ukikaa saa nyingi. Tembea, lala, pima tena asubuhi.

Mizani ya wanawake inasimamiwa na wanawake, chumba chao peke yao. Kocha wa kiume haingii. Kwa hiyo timu yenye msichana mmoja na msafara wote wanaume inamwacha yule mtoto peke yake mahali ambapo anaweza kuhitaji mtu wa kumwambia “bado gramu mia, tulia, toka ukaruke kamba, dakika arobaini zipo”. Hii ndiyo hoja ninayoitoa kila kikao cha chama wanapotaka kupunguza msafara, nami nitaendelea kuitoa.

Ukishapita, usikimbilie pilau. Anza na maji yenye ORS, zile pakiti za dawa ya kuharisha, zinauzwa kila duka la dawa. Kunywa kidogo kidogo nusu saa nzima. Kisha uji au wali mweupe na samaki au kuku asiye na mafuta mengi, ndizi, ulale. Na kuna mtego mwingine: asubuhi ya mashindano wanaitwa wachezaji wachache kwa bahati nasibu kutoka kila daraja, wanapimwa tena, na hairuhusiwi kuzidi kikomo kwa zaidi ya asilimia 5. Kwa -57 ni 59.85. Kwa -66 ni 69.3. Aliyeshuka kilo nne kwa kukausha maji, halafu usiku akajaza kila kitu kwa pupa, anakamatwa hapo.

Dawa, mitishamba na mirungi

Usitumie dawa ya kukojoa kushusha uzito. Furosemide na ndugu zake zipo kwenye orodha ya marufuku ya WADA, shirika la dunia la kupambana na dawa michezoni, wakati wote, si siku ya mashindano tu. Dawa za mafua zenye pseudoephedrine zinaweza kukuponza siku ya kucheza. Ukiwa na pumu au ugonjwa mwingine wa kudumu, zungumza na daktari na chama mapema kuhusu kibali cha matibabu. Mitishamba ya chupa ambayo haijaandikwa kilichomo, iache nyumbani, hata kama imechemshwa na bibi yako.

Na wenzetu wa Mombasa na Nairobi mnaotafuna miraa: mirungi ina cathinone na cathine. Ya kwanza imepigwa marufuku kwenye mashindano, na ya pili pia ikizidi kiwango kwenye mkojo. Kahawa kunyweni.

Siku yenyewe

Droo inafanyika siku moja kabla. Walio bora nane wanatengwa wasikutane mapema, sisi wengine tunaangukia popote. Ukishamjua mpinzani wako, tafuta pambano lake moja au mawili kwenye JudoTV. Angalia mambo mawili tu: anashika kwa mkono gani, na anashambulia upande gani. Ukitazama mapambano kumi usiku ule utaota anakuangusha.

Wanaume na wanawake wanacheza siku moja, kwenye mikeka miwili, mitatu au minne kwa pamoja. Ukiwa na kocha mmoja, -52 wako na -66 wako wanaweza kuitwa dakika ile ile mikeka tofauti. Sajili kocha wa pili, hata kama ni mchezaji mwenzao ambaye siku hiyo hachezi, ilimradi waraka unaruhusu. Namba za mapambano na mikeka zinakuwa kwenye skrini ya chumba cha kupashia misuli. Mpe mtu mmoja kazi hiyo moja, kuitazama. Anza kupasha pambano la kama nane au kumi kabla ya lako, kwa sababu ippon tatu za haraka mfululizo zinaweza kukusogeza mbele bila kutegemea. Usipotokea ukiitwa, mpinzani anapewa ushindi.

Kocha anavaa treki asubuhi, na suti kwenye fainali. Kaptula na kofia, hapana. Anazungumza tu mwamuzi anaposema “mate”, yaani simameni, pambano likiendelea ananyamaza. Makocha wetu, waliozoea kupiga kelele ukumbi mzima, wanalipata tabu hili. Atakayeropoka ataondolewa kitini. Mzoeze kocha wako mazoezini: sentensi moja, maneno manne. “Shika kola, mkono kwanza.” Mchezaji aliyechoka hasikii zaidi ya hayo.

Wasichana: ndani ya koti fulana nyeupe, mikono mifupi, shingo ya duara, imechomekwa kwenye suruali. Nywele zifungwe kwa kitu laini, pasiwe na chuma, shanga wala klipu. Msuko mdogo mdogo wa kulala kichwani ndio bora, mwamuzi hatakusubiri ufunge nywele kila mara. Kucha fupi, za mikono na miguu. Hereni, kipini, pete, vyote vitoke. Hina haina tatizo. Na hirizi, kwa wote wake kwa waume, mvue. Mtu akikukamata hapo mnaumia wawili. Dua soma kabla hujakanyaga mkeka, kwa sababu ishara za dini mkekani haziruhusiwi.

Hijabu naulizwa kila mara. Sheria ya kawaida inataka kichwa wazi. London 2012, Wojdan Shaherkani wa Saudi Arabia aliingia kwenye zaidi ya 78 akiwa na kofia ya kubana iliyofunika nywele, baada ya mazungumzo marefu baina ya nchi yake, Kamati ya Olimpiki na IJF. Alidumu sekunde 82 mbele ya Melissa Mojica wa Puerto Rico, na ukumbi ukampigia makofi. Kwa hiyo, usijishonee kitu ukafika nacho mezani ukitegemea huruma. Chama kiandike barua mapema, kipate jibu la maandishi, na jibu hilo mwende nalo.

Kuhusu sheria za kuhesabu, hakikisha unajua za sasa, maana zinabadilika kila baada ya Olimpiki. Tangu 2025 alama ndogo iitwayo yuko imerudi. Ukimbana mpinzani chini, sekunde 5 ni yuko, 10 ni waza-ari, alama iliyo juu yake, 20 ni ippon. Waza-ari mbili ni ippon. Adhabu, yaani shido, zikifika tatu unatolewa. Kushika miguu bado marufuku, na hapa ndipo vijana wetu waliojifunzia mieleka ya ufukweni wanapoponzwa, mkono unashuka wenyewe. Muda ukiisha mko sawa mnaingia golden score, yaani muda wa nyongeza, nao hauna mwisho. Desemba 2020, Abe Hifumi, kaka yake Uta, na Maruyama Joshiro walipigana dakika 24 kugombea nafasi moja ya -66 kwenda Olimpiki ya Tokyo. Jiulize kama pumzi yako inafika hata saba.

Mgeni anayetoka nchi isiyo na jina anapata shido haraka, na si kwa sababu ya chuki: anasubiri. Anamheshimu mno mpinzani, anarudi nyuma, anakwepa kushikwa. Mwamuzi haoni heshima, anaona mtu hashambulii. Nenda ukashike kwanza. Shambulia hata shambulio lisilokamilika, ilimradi la kweli, kwani la uongo nalo ni shido.

Ukishatoka

Mwambie mtu wenu arekodi pambano kwa simu, amesimama upande wa kocha na simu ameilaza. Mlitazame kesho yake, si usiku ule.

Halafu usikimbilie kubadilisha tiketi. Mashindano mengi makubwa yanafuatiwa na kambi ya mazoezi ya siku kadhaa, na humo ndimo mtu wa kwetu anapopata faida ya nauli yake. Kwenye mkeka ulicheza sekunde hamsini. Kambini unashikana na watu wale wale, Wafaransa, Wajapani, Wabrazili, randori, yaani mapambano ya mazoezi, kumi kwa siku, bila mwamuzi wa kukutoa. Kambi inasajiliwa pamoja na mashindano na siku za hoteli zinaongezeka, kwa hiyo pesa yake iingie kwenye bajeti tangu mwanzo.

Ukifika kambini usisubiri kuchaguliwa. Wakubwa wanachaguana wenyewe na mgeni anabaki ukutani. Mfuate mtu wa uzito wako mapema, kabla hawajajipanga, inama, muombe raundi. Akisema amechoka, muombe ya kesho na umtajie ni raundi ya ngapi. Wengi wanakubali. Na beba plasta za vidole roli nzima, zinakwisha siku ya pili na kule zina bei.